Peptidi C, pacha wa insulini: inaweza kulinda mafigo?

Ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini bila kutunzwa vizuri, unafikia mafigo. Huku kwetu wengi wanastuka wakati miguu imekwisha kuvimba, na dialize ni bei kali. Ndiyo maana tunaeleza hapa juu ya peptidi C, ambayo wachunguzi wanaifuatilia tangu miaka mingi.

Peptidi C ni nini?

Kongosho haitoi insulini mara moja. Inatengeneza kwanza mnyororo mrefu unaoitwa proinsulini. Mnyororo huo unakatwa: ncha mbili zinakuwa insulini, na kipande cha katikati ndicho peptidi C. Vyote viwili vinaingia kwenye damu pamoja. Donald Steiner, wa Chuo Kikuu cha Chicago kule Marekani, alitangaza proinsulini mwaka wa 1967. Kwa muda mrefu waganga waliona kipande hicho hakina kazi tena kikishakatwa. Walikipima tu ili kujua kama kongosho ingali inatoa insulini.

Inagusa mafigo namna gani?

Kila figo iko na vichujio vidogo sana, karibu milioni 1. Sukari ikizidi, mwanzoni vinachuja kupita kiasi. Kisha vinaharibika na kuacha albumini, ni kusema protini ya damu, ipite kwenye mkojo.

Mgonjwa wa sukari aina ya 1 anakosa insulini, na peptidi C vilevile. Sindano inamurudishia insulini peke yake. Tangu miaka ya 1990, kikundi cha John Wahren, wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden, kiliwapa wagonjwa wa aina hiyo peptidi C pamoja na insulini yao. Kule kuchuja kupita kiasi kulipungua, na albumini kwenye mkojo ikashuka.

Basi ni dawa?

Bado. Majaribio yale yalichukua watu wachache, kwa muda mfupi. Tena wagonjwa wa aina ya 2, ambao ndio wengi, kwa kawaida wangali na peptidi C yao, mara nyingine hata nyingi. Mutu akiwauzia chupa kwa jina hilo, mukatae. Na musiache insulini hata siku moja juu ya kungojea dawa mpya.

Cha kufanya leo

- Muombe munganga apime albumini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu kila mwaka. Aina ya 2 inaanza siku ugonjwa unapojulikana. Aina ya 1, kisha miaka 5.
- Mufuate sukari na tansio pia. Tansio ikipanda, mafigo yanaharibika haraka zaidi.
- Musimeze ovyo diklofenaki ao ibuprofeni juu ya maumivu. Zinaumiza mafigo.
- Musingojee maumivu. Figo inaharibika kimya-kimya. Mkojo wenye povu nyingi ni sababu tosha ya kwenda kupimwa.