Kaya Kinondo

Jifunge kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Huu ni msitu wa Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda. Wahenga waliishi humu, katika kijiji kilichoitwa kaya, na humu wamezikwa. Ndiyo maana wazee wa kaya bado huja kufanya matambiko.

Tazama chini: udongo ni haba, mizizi imepenya kwenye nyufa za mawe ya matumbawe na kuyakumbatia. Juu huenda ukawaona mbega.

Usiokote chochote, hata jani lililoanguka. Ingawa hoteli za Diani, pwani ya Kenya, ziko kando tu, miko hii ndiyo iliyoiokoa miti hii mikubwa. UNESCO iliuingiza msitu katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wadigo wenyewe walikuwa wameulinda kwa karne kadhaa.