Simba wa Sultani Baybars



Ndugu wazazi na wanafunzi, siku moja kijana alikuja madrasa na jezi ya timu ya Uingereza yenye simba watatu kifuani. Mwenzake akamcheka: "Hiyo alama ya Wazungu, sisi Waislamu hatuna mambo ya simba." Nikaona tuitazame historia.

Ni kweli, simba watatu ni nembo ya wafalme wa Uingereza. Wamo katika muhuri wa mwaka 1198 wa Mfalme Richard wa Kwanza, yule aliyepigana na Salahuddin.

Lakini karne iliyofuata, simba alikuwa nembo ya al-Malik al-Zahir Baybars, Sultani wa Misri na Sham kuanzia 1260 hadi 1277. Huyu hakutoka nyumba ya kifalme. Alikuwa Mturuki wa Kipchak, akauzwa utumwani akiwa kijana, akalelewa kuwa askari. Mwaka 1260 alikuwa miongoni mwa makamanda waliowashinda Wamongolia katika vita vya Ain Jalut. Tusifiche pia kwamba alishika usultani kwa kushiriki kumuua Sultani Qutuz.

Nembo hizo ziliitwa "rank", kutokana na neno la Kiajemi ambalo ndilo asili ya neno letu "rangi". Maamiri walichora upanga au kikombe, kulingana na kazi waliyomfanyia sultani. Baybars alichagua simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Wengine husema ni chui, kwa sababu "bars" katika jina lake ni mnyama wa jamii hiyo. Alimweka kwenye sarafu, na kwenye daraja alilolijenga mwaka 1273 karibu na mji wa Ludd, Palestina. Pale kuna simba wawili, kila mmoja na panya mdogo mbele yake.

Je, hii ni ruhusa ya kuchora viumbe? Hapana. Kitendo cha mfalme si dalili ya sheria. Katika hilo waulizeni masheikh wenu.

Funzo ni hili: Baybars hakurithi simba kwa baba yake. Alikuwa mtumwa aliyeuzwa sokoni, na leo daraja lake bado limesimama. Basi vijana, msichekane kwa alama. Ulizaneni mtaacha nini cha kuwafaa watu.

Wallahu a'lam.