Timu Zisizo na Ligi: Soka ya Kaloleni na Mitaa Jirani

Mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi ulijengwa miaka ya vita vya pili vya dunia, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na mateka wa Kiitaliano. Katikati ya nyumba zake za mawe pakawekwa jumba la kijamii ambalo wakazi walilibatiza Bunge, maana siasa za Waafrika wa Nairobi zilijadiliwa humo kabla hazijaruhusiwa kwingine. Wanahistoria wameandika sana kuhusu jumba hilo. Kuhusu soka iliyochezwa nje yake haijaandikwa hata robo.

Kuanzia 1945 ofisa wa manispaa aliyesimamia mambo ya Waafrika jijini alikuwa Tom Askwith, mpiga makasia aliyeshiriki Olimpiki za 1932 na 1936. Wakubwa wa enzi hiyo waliamini kwamba kijana akichoka uwanjani hatakuwa na nguvu za kuhudhuria mikutano. Waliona upande mmoja tu wa jambo hilo: waliokutana kwenye mechi ndio hao hao waliokutana Bunge jioni.

Timu zilizojulikana zilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na za waajiri, kama reli, na kulikuwa na za vyama vya watu wa nyumbani. Luo Union, iliyoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga katika miaka ya 1950, ilikuwa chama cha kusaidiana kabla ya kuwa jina la klabu. Ilisafirisha maiti, ikasomesha watoto, ikavalisha wachezaji jezi. Mweka hazina wake, diwani Ambrose Ofafa, aliuawa 1953, na mitaa ya Ofafa inabeba jina lake hadi leo.

Ligi ya taifa ilipoanza 1963, Nakuru All Stars wakatwaa taji la kwanza na Luo Union la mwaka uliofuata. Gor Mahia ikaundwa Februari 1968 na kushinda ligi mwaka huo huo. Luo Union haikumezwa kabisa na klabu hiyo mpya; ilirudi kuwa bingwa 1975, kisha ikatwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Mwaka 1980 serikali ikakataza majina ya kikabila, nayo ikawa Re-Union. Hizo ndizo timu za vitabuni.

Timu ya mtaa ni kisa kingine. Haina mwajiri, haina chama, na kwenye orodha ya shirikisho haimo. Jezi zinakaa nyumbani kwa mmoja wao, ndani ya gunia, na asiyefua zamu yake anasemwa wiki nzima. Mechi inapangwa kwa kutumana: kapteni wa Shauri Moyo anakuja Kaloleni Jumatano, mnakubaliana Jumapili, saa, refa na nani atamlipa. Mistari inachorwa kwa majivu au vumbi la mbao. Mchezaji aliye huru leo anaweza kuchezea Makongeni wiki ijayo, na hakuna barua ya uhamisho.

Mashindano makubwa ya namna hii ni Koth Biro ya Ziwani, yaliyoanza miaka ya 1970 katika uwanja wa Umeme. Jina hilo la Kiluo humaanisha mvua inakuja. Huchezwa mwisho wa mwaka, na ligi kuu ilipokuwa ikifunga Novemba, wachezaji wake walishuka mitaani kucheza bila kiingilio, watazamaji wamesimama hadi kwenye mstari. Kwa maoni yangu hapo ndipo Nairobi ilipowajua wachezaji wake kwa karibu kuliko uwanja wowote wenye lango.

Ukiuliza kwa nini timu za mtaa zisijiunge na ligi, jibu la kwanza ni pesa: ada, usajili, nauli za mechi za mbali. La pili ni nani anapanga ratiba. Nchini Marekani, chuo cha Notre Dame kimekataa ligi yoyote katika kandanda ya Kimarekani, isipokuwa msimu wa korona wa 2020, kwa sababu kinauza mechi zake chenyewe. Mkataba wake na televisheni ya NBC ulianza 1991. Mtaa hauna televisheni ya kuuza, lakini hamu ya kuwa na ratiba mkononi ni ile ile.

Gharama ipo. Timu isiyo na ligi haipandi daraja, na kipaji chake hutegemea bahati ya kuonwa. Lakini waliomo ndani ya ligi nao walichoka. Mzozo wa klabu kubwa na shirikisho ulizifanya klabu hizo mwaka 2003 zisajili kampuni yao ya kuendesha ligi, na FIFA ikaifungia Kenya Juni 2004. Wengine walijiundia ligi zao: huko Mathare, chama cha vijana cha MYSA kilikuwa kimeendesha ligi zake tangu 1987, na kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994.

Pengo kubwa ni kumbukumbu. Shirikisho huweka matokeo ya wanachama wake. Ya timu za mtaa yamo vichwani mwa wazee na katika picha zilizowekwa chini ya magodoro. Alipofariki mwanasoka Joe Kadenge Julai 2019, uwanja wa Jogoo Road ulipewa jina lake, na ni haki. Basi kaunti ifungue chumba kimoja katika jumba la Kaloleni kwa ajili ya hizo picha, na wewe uliye nayo nyumbani, andika nyuma yake majina na mwaka wangali hai wanaowatambua waliosimama humo.