Hadithi ya Upelelezi Huanzia Wapi?

Mkusanyo wa hadithi za uhalifu hudhaniwa kuwa kapu tu: mhariri huchagua, hupanga, huandika utangulizi, kisha hujitenga. Historia ya karne ya 20 yaonyesha vingine. Anayeamua hadithi ipi itangulie ndiye anayeamua pia fani ni mali ya nani.

Mwaka 1928 Dorothy L. Sayers alitoa mjini London mkusanyo uitwao Great Short Stories of Detection, Mystery and Horror. Alimkubali Edgar Allan Poe kuwa mwasisi wa fani katika sura yake ya kisasa, lakini hakuanzia kwake. Alirudi nyuma hadi kisa cha Susana, kilichomo katika vitabu vya Apokrifa. Wazee wawili wanamsingizia mwanamke zinaa. Kijana Danieli anawatenganisha na kumwuliza kila mmoja aliwaona wazinzi chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti wake, na uongo unafichuka. Kwa Sayers, upelelezi ulikuwa wa kale kuliko polisi.

Mwaka 1941 Frederic Dannay na Manfred B. Lee, binamu wawili wa Brooklyn walioandika kwa jina moja la Ellery Queen, walitoa 101 Years' Entertainment. Jina lenyewe ni hukumu: miaka inahesabiwa tangu 1841, Poe alipochapisha hadithi yake ya mauaji ya Rue Morgue. Mwaka huohuo walianzisha jarida, na Dannay akawa mhariri wake. Alikuwa na mkono mzito, hata akazoea kubadili majina ya hadithi za watu. Hata hivyo, ni jarida hilo lililomtoa Jorge Luis Borges kwa Kiingereza mnamo Agosti 1948. Borges hakuingia humo akiwa mwanagenzi: mwaka 1943 yeye na Adolfo Bioy Casares walikuwa wamekwisha hariri mkusanyo wao wa hadithi za upelelezi mjini Buenos Aires.

Swali hili halikwepeki kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, wasomaji walimwona Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni yake, wakawakumbuka Holmes na Watson. Mhariri akianzia hapo na kutazama kiko peke yake, upelelezi wa Kiswahili utasomwa kama tawi la mti wa London. Lakini Holmes hakulazimika kushindana na mzimu katika kila nyumba ya mtaa. Bwana Msa anafumbua mauaji ambayo watu wamekwisha yakabidhi kwa mizimu, na kazi yake nusu ni kuwarudishia binadamu lawama yao.

Mhariri akifuata njia ya Sayers, ataikuta Alfu Lela u Lela, na ndani yake kisa cha matufaha matatu. Harun Rashid anampa waziri wake Jaafar siku tatu kumpata muuaji. Jaafar hapelelezi chochote. Anakaa nyumbani akingoja kifo, hadi muuaji anajitokeza mwenyewe. Kukitanguliza kisa hicho ni kudai kwamba fani hii inahusu haki kabla ya werevu. Dai hilo lina ubishi, na mhariri atakayelitoa hatakuwa na pa kujificha nyuma ya hadithi za wengine: itambidi aandike utangulizi na kulitetea.