Mkimbiaji na Shahidi Wake

Ndugu msomaji, juma hili naomba tutoke mjini kidogo, tuache foleni na vumbi, twende milimani. Kwanza tuanze na milima ya watu, halafu tutarudi kwetu.

Kaskazini magharibi mwa Uingereza kuna mji mdogo uitwao Keswick. Umezungukwa na milima isiyo na miti, yenye majani magumu, mawe na matope yanayomeza mguu mpaka kwenye goti. Wenyeji wake wakubwa ni kondoo, ukungu na mvua.

Katika mji huo aliishi bwana mmoja, Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni. Hakuwa mwanariadha wa kulipwa. Tarehe 13 Juni, 1932, alitoka na kaptura yake, raba za tenisi na shati la kulalia, akaanza kukimbia. Lengo lake lilikuwa kufika kwenye vilele 42 vya orodha yake na kurudi mjini kabla ya saa 24 kwisha. Alikula mkate na siagi, mayai ya kuchemsha, matunda na peremende. Alirudi baada ya saa 23 na dakika 39.

Tusiyacheke hayo tukadhani ni matembezi. Njia inayofuatwa leo ina kilometa 106 hivi. Ukijumlisha mipando yote unapata meta 8,200 hivi, kupita kimo cha Kilimanjaro chetu kutoka usawa wa bahari. Tena hakuna alama za kukuongoza. Ukungu ukishuka, ni wewe na dira yako.

Ilipita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuvifikia vilele hivyo 42 ndani ya saa 24. Huyo ni Alan Heaton, mwaka 1960. Mwaka 1971 ikaundwa klabu ya waliofanikiwa, na mwaka 1977 Jean Dawes akawa mwanamke wa kwanza kuingia. Leo wanachama wamepita 2,000.

Kilichonivutia mimi si mbio zenyewe. Ni sharti la klabu hiyo. Neno lako peke yako halitoshi. Katika kila kilele lazima awepo mwenzako wa kuthibitisha kwamba umefika, na saa ya kufika iandikwe. Mwenzako huyo hukubebea chakula, hukushika mkono usiku, na asubuhi yeye ndiye shahidi wako. Hakuna fedha wala kikombe. Aliyetumia saa 14 na aliyebakiza dakika moja wote huingia katika kitabu kile kile.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2018 alifika Keswick Kilian Jornet wa Hispania, akaimaliza njia ya Graham kwa saa 12 na dakika 52. Jornet huyo huyo, mwaka 2010, alikuja Tanzania, akapanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 7 na dakika 14. Magazeti ya dunia yaliandika. Lakini muda alioupita ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Mtanzania, Simon Mtuy, aliyepanda na kushuka mlima huo mwaka 2004 kwa saa 8 na dakika 27.

Ndugu msomaji, je, ulilijua jina hilo?

Mimi sina haki ya kukulaumu. Mwaka 2004 nilikuwa kijana mgeni katika chumba cha habari. Karatasi yenye habari hiyo, mistari michache tu, ilifika mezani kwangu. Jioni ile kulikuwa na matokeo ya mpira, na ya Ulaya yalikuwa mengi kuliko ya hapa. Nikaiweka chini ya rundo. Haikusomwa jioni ile, wala kesho yake. Miaka sita baadaye nilisoma kwa sauti nzito habari za Mhispania kuvunja rekodi, nikakumbuka ile karatasi, na ulimi ukawa mzito.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa waliokuwa na kalamu na kipaza sauti walikuwa wanatazama uwanja wa mbali? Bob Graham hakukumbukwa kwa sababu Waingereza wana miguu kuliko sisi. Alikumbukwa kwa sababu wenzake walikimbia naye, wakaona, wakasema, na waliofuata wakaandika. Milima yetu haijakosa watu wenye miguu. Iliyopungua ni hesabu ya mashahidi.

Basi, kama mtaani kwako yupo mtu aliyefanya jambo la kustahili kuandikwa, usingoje mgeni aje kulivunja ndipo tulisikie. Liandike. Weka na tarehe.

Mimi nimeanza leo, nikiwa nimechelewa miaka mingi. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.