Siku intaneti iligoma, na mswada uliorudi kimyakimya

Mtu akiniambia kelele za mtandaoni hazibadilishi kitu, mimi humpeleka Marekani, Januari 2012. Halafu kabla hajafurahi sana, namsukuma mbele hadi Desemba 2015. Twende pole pole.

Mwaka huo wa 2012 Kongresi ilikuwa na miswada miwili mezani. SOPA ililetwa na Lamar Smith wa Texas kwenye Baraza la Wawakilishi, na ndugu yake PIPA ililetwa na Patrick Leahy wa Vermont kwenye Seneti. Waliokuwa nyuma yake ni kampuni za filamu za Hollywood na za muziki. Shida yao ilikuwa ya kweli, tusikatae. Kazi zao zilikuwa zinaibwa na tovuti zilizo nje ya Marekani. Mimi natengeneza video, na mtu akichukua yangu akaibandika kwake, lazima niwake.

Lakini dawa yenyewe sasa! Mahakama ikitoa amri, kampuni za intaneti zizuie tovuti isifunguke, Google ifute viungo vyake, na kampuni za malipo na matangazo zikate doo. Wakosoaji wakasema maneno ya mswada ni mapana mno, kiasi kwamba tovuti nzima ingeweza kuumia kwa kosa la watumiaji wachache.

Basi 18 Januari 2012, Wikipedia ya Kiingereza ikazima kwa saa 24. Reddit ikazima kwa saa 12. Google ikafunika nembo yake kwa weusi na kuweka ombi la kutia sahihi, na watu milioni 7 wakasaini. Ukifungua Wikipedia ulikuta ukurasa mweusi na mahali pa kumtafuta mwakilishi wako, na zaidi ya watu milioni 8 walitafuta. Siku mbili baadaye, kura ya PIPA ikaahirishwa na SOPA ikawekwa kando. Hazikurudi tena.

Ulaya nao walikuwa na vita vyao, mkataba wa ACTA. Vijana wa Poland walijaa barabarani kwenye baridi ya Januari, na 4 Julai 2012 Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 478 dhidi ya 39.

Wengi husimulia mpaka hapo tu, wakapiga makofi. Lakini story haijaisha.

Kulikuwa na mswada mwingine, CISPA, ulioletwa na Mike Rogers wa Michigan. Huu haukugusa filamu. Ulisema ni wa usalama wa mtandao: kampuni ziruhusiwe kuipa serikali taarifa kuhusu vitisho vya mtandaoni, na zikifanya hivyo kwa nia njema, wewe mteja huwezi kuzishtaki. Watetezi wa faragha wakauliza, hizo taarifa ni zipi? Zinaweza kuwa na barua pepe zangu ndani? Na zikifika kwa majasusi, nani atazirudisha?

Miezi mitatu tu baada ya mgomo, CISPA ikapita Baraza la Wawakilishi, 248 kwa 168. Wikipedia haikuzima. Facebook ilikuwa imeandika barua ya kuunga mkono! Ikulu ya Obama ndiyo ilitishia kutousaini, na Seneti ikauacha ufe. 2013 ukarudi, ukapata kura 288, ukafia Seneti tena. Juni mwaka huo Edward Snowden akaonyesha dunia jinsi serikali ilivyokuwa inachota data za watu. Ungedhani hapo ndio mwisho.

Wapi! Wazo lilelile likarudi na jina jipya, CISA. Apple na Twitter walitoa taarifa za kuupinga, lakini mgomo kama ule wa 2012 haukuonekana. Desemba 2015 ukafungwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti ya serikali, na Obama akaisaini yote pamoja.

Kwa maoni yangu, tofauti iko hapa. SOPA ilitishia mifuko ya kampuni, kwa hivyo kampuni zikatuazima kipaza sauti chao. CISPA ilizikinga kampuni na kuacha data yetu wazi, na kipaza sauti kikazimwa. Watu hawakuwa wameacha kujali. Ni vile mwenye spika hakuwa upande wao.

Na sisi Kenya tunaijua hii ngoma. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikufa Juni, watu wakiwa wamelipa kwa damu, na Desemba baadhi ya mapendekezo yakarudi kwenye sheria nyingine za kodi. Oktoba 2025, siku ileile nchi ilipopata habari za kifo cha Raila, marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao yalisainiwa, yanayoipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti ifungwe. Wangapi kati yetu tulikuwa tumeyasoma kabla ya siku hiyo?

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha Bunge kutushirikisha. Matangazo ya kuomba maoni hutoka mapema, wakati hakuna hashtag wala mtu maarufu anayeyazungumzia. Mimi nimeanza kuyafuatilia wakati huo wa kimya, na nitakuwa nikiyaweka hapa kwa lugha ya kawaida. Nikiweka, usiniachie tu moyo wa like. Tuma maoni yako Bungeni.