Udongo Uliopakiwa kwenye Mkokoteni

MTANGAZAJI:  

Kila tukizungumzia bustani ya nyumbani, swali moja halikosi: kwa nini nihangaike kutengeneza ardhi isiyo yangu? Leo naweka samadi, kesho nahamishiwa zoni nyingine au narudi nyumbani, na atakayevuna ni mwingine. Ni swali la haki. Basi leo tulitazame kupitia watu waliolijua vizuri kabla yetu: wakulima wa mboga wa Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1800.

Wakulima hao wengi walikodi viwanja. Mji ulikuwa unapanuka, na mwenye kiwanja akitaka kujenga, mkulima aliondoka kwenda pembeni zaidi. Walichokipata kwa wingi ni kile ambacho mji ulitaka kukitupa, yaani samadi ya farasi. Magari hayakuwa yameenea bado. Mizigo na abiria walivutwa na farasi, na mazizi yalitoa samadi kila siku. Mkulima aliilundika chini ya tuta. Ikioza inatoa joto, na joto hilo lilikuza miche hata wakati wa baridi kali. Ikimaliza kuoza inakuwa mboji. Miaka ikapita, na tuta halikuwa tena udongo aliokabidhiwa na mwenye kiwanja. Lilikuwa udongo aliouumba mwenyewe.

Juu ya mche aliweka kengele ya kioo, moja kwa kila kundi la miche, mamia kwa mamia shambani. Kengele ilizuia baridi na upepo. Jua likiwaka, aliinua upande mmoja na kuuegemeza kwenye kijiti chenye ngazi ndogo, hewa ipite, miche isiungue. Usiku alifunika kwa mikeka ya majani makavu, mingi ikiwa imesukwa na wakulima wenyewe. Kengele ikipata ufa haikutupwa. Iliunganishwa na kurudishwa kazini. Matuta yalikuwa membamba, mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Wawili kati yao, Moreau na Daverne, waliandika kazi hizi katika kitabu cha mwaka 1845, hatua kwa hatua.

Sasa sikiliza hili. Mmoja wa waliolitangaza jambo hili nje ya Ufaransa alikuwa mkimbizi. Aliitwa Peter Kropotkin, Mrusi aliyezaliwa katika ukoo wa kitawala akageuka kuwa mpinzani wa mfalme. Alitoroka kifungoni mwaka 1876, akafukuzwa Uswisi mwaka 1881, akafungwa Ufaransa hadi 1886, kisha akaishi Uingereza. Katika gereza la Clairvaux, yeye na wenzake walilima kipande chembamba kando ya jengo, wakapata saladi na figili nyingi kuliko walivyotegemea. Ndipo katika kitabu chake cha 1899 akaandika juu ya mikataba ya wakulima wa Paris: ilikuwa kawaida kuandikwa kwamba mkulima akihama anaruhusiwa kuchimba udongo wake hadi kina fulani, aupakie kwenye mikokoteni na kwenda nao.

Udongo, msikilizaji. Waliuhesabu pamoja na vyombo vya nyumbani.

(Muziki mfupi)

Sisi hatuna farasi wala kengele za kioo. Lakini chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikikatwa kitako, ni kengele ileile. Tahadhari moja: Paris walitafuta joto, wewe hapa unalo la kutosha. Toa kizibo, na jua likipanda iondoe kabisa, la sivyo utaupika mche kabla haujawa mboga. Faida ya chupa kwetu ni asubuhi na jioni, kuku wanapozunguka, na wakati mvua kubwa inapopiga mche mchanga.

Kile kitako ulichokata, na kopo la mafuta lililotobolewa pande zote mbili, usivitupe. Kata pete, uizungushe kwenye shina la mche na kuizamisha ardhini kama upana wa vidole viwili. Sota, yule mdudu anayekata miche usiku, atashindwa kupita. Wengi wetu hunyunyiza majivu, na yanasaidia kidogo, ila mvua moja tu inayaondoa, tena yakizidi yanaharibu udongo. Mimi naona pete ni bora.

Kivuli cha mchana fanya kama ile mikeka yao: nyasi kavu juu ya fito nne. Nyasi hizohizo zikichoka, zitandaze tutani kuzuia maji yasikauke upesi. Kingo za tuta zishikwe na mawe, au chupa zilizojazwa mchanga na kuzikwa kichwa chini. Mtoto ataona njia iko wapi, na hatakanyaga lengalenga lako.

Na kuhusu kuhama, mgao wenyewe unakuja na jibu: kiroba. Kijaze udongo uliochanganywa na mboji ya maganda na samadi ya mbuzi, weka mawe madogo katikati maji yashuke hadi chini, panda juu, kisha toboa ubavuni upande sukuma wiki. Viroba vidogo vya kilo kumi watu wawili wanavibeba bila taabu. Kile cha hamsini kikishalowa maji hakinyanyuliki, usijidanganye. Udongo wa tuta lako nao, siku ya kuondoka, unaingia ndani ya viroba vitupu. Uliza kwanza ofisi ya kambi kama gari litapokea mzigo huo. Likikataa, mpe jirani anayebaki, na umwonyeshe sehemu yenye mboji nyingi.

Wiki ijayo tutazungumzia mbegu: jinsi ya kukausha za nyanya bila kuzioza. Kwaheri kwa sasa.